Mchezo Unapomtawala Mchezaji: Utambuzi wa Uraibu wa Gemu na Haja ya Unasihi Mwanza

Katika vitongoji vya Mwanza vilivyopanda juu ya vilima vya majabali, Mabatini na Igogo, na katika vile vilivyotanda kandokando ya barabara ya kwenda Buzuruga na Igoma, kibanda cha gemu kimekwisha kuwa sehemu ya mtaa: chumba kimoja chenye joto, televisheni mbili tatu, mashine za PlayStation zilizopita mikono mingi, benchi la mbao, na wavulana wanaolipa kwa mechi huku wengine wakingoja zamu. Mwenye simu ya kisasa hahitaji hata kibanda, kwani bando la usiku humtosha kuingia katika Free Fire au PUBG na kukesha humo hadi jogoo la kwanza. Muradi wa makala hii si kuushitaki mchezo, maana mwanadamu amecheza tangu azali, na Usukuma ni nchi ambayo mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu yamekusanya umati baada ya mavuno, vizazi na vizazi, pasi na mtu kuyaita maradhi. Muradi wake ni kudai kwamba uraibu wa gemu ni jambo la kweli, kwamba hautambulikani kwa saa zilizohesabiwa bali kwa hiari iliyopotea, na kwamba aliyepotewa na hiari yake hairejeshi kwa fimbo wala kwa kunyang'anywa simu, bali kwa unasihi wenye subira.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu huu katika toleo la kumi na moja la uainishaji wake wa maradhi, lililopitishwa na mkutano mkuu wa afya mwezi wa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, likauweka katika fungu moja na uraibu wa kamari. Yatakiwa mambo matatu yakutane: kwanza, mchezaji awe ameshindwa kuutawala mchezo, asiweze kuamua lini aanze, acheze kwa kadiri gani, wala lini aache, pili, mchezo uwe umetangulia mbele ya mambo mengine yote yaliyokuwa na thamani kwake, tatu, auendeleze, au auzidishe, ilhali madhara yake ameyaona kwa macho yake mwenyewe. Hali hiyo aghalabu iwe imedumu kwa muda wa miezi 12, ijapokuwa muda huo waweza kufupishwa ikiwa dalili zote zimetimia nazo ni kali, na iwe imemdhuru dhahiri katika masomo, kazi, nyumba au ujirani. Hapana mahali popote katika masharti hayo palipotajwa idadi ya saa.

Jambo hilo lina uzito mkubwa kwa mzazi na mwalimu. Mathalani, wafikiriwe wavulana wawili wa kidato cha tatu. Wa kwanza hushinda kibandani kila Jumamosi tangu adhuhuri hadi magharibi, lakini akiitwa huondoka, daftari zake zimejaa, na Jumapili humkuta uwanjani akicheza mpira na wenzake. Wa pili hachezi zaidi ya saa moja au mbili kwa siku, lakini saa hizo amezichota katika vipindi vya shule, fedha yake imetoka katika mauzo ya dagaa ya mama yake huko Mwaloni Kirumba, ameahidi mara kadha wa kadha kuacha na kila ahadi imevunjika, na anapozuiwa hugeuka mkali kwa ndugu aliokuwa akiwapenda. Mtaa utamwita wa kwanza mraibu kwa sababu huonekana kibandani, na wa pili utamwita mwizi. Hukumu zote mbili ni batili, na hiyo ya pili ina hatari zaidi, kwa maana mtoto aliyekwisha kupewa jina la mwizi hatafutiwi mnasihi.

Wako wanazuoni waliopinga. Kabla ya uamuzi wa 2019 kundi la wataalamu liliandika, mwaka 2017, likionya kwamba ushahidi haujatosha, kwamba mchezo wa kawaida utatiwa doa la ugonjwa, na kwamba yamkini gemu ni kimbilio tu la mtu mwenye sonona au wasiwasi uliomtangulia. Onyo hilo lina haki yake, na katika Tanzania, ambako wazazi wengi wameelekea kuuona mchezo wowote wa mashine kuwa upotovu, lastahili kusikilizwa kwa makini. Walakini hoja ya kimbilio, ikitazamwa vyema, haiubatilishi unasihi. Yaufanya uwe wa lazima zaidi, maana ni nani mwingine atakayeuliza ni kitu gani kijana anakikimbia? Huyo anayekesha kibandani pengine amefiwa na baba, pengine anapigwa nyumbani, pengine tangu utotoni akili yake haikutulia juu ya jambo moja wala hakuna aliyemtambua. Kumwondolea kimbilio bila ya kuondoa kinachomkimbiza ni dhuluma, hata ikifanywa kwa mapenzi.

Kando ya ziwa kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Uvuvi wa dagaa hutegemea giza. Taa huwashwa juu ya maji katika usiku usio na mwezi, na mbalamwezi inapotawala wavuvi hukaa nchi kavu, wengi wao wakiwa vijana, wana fedha mkononi na hawana shughuli. Mwalo aghalabu hauna maktaba wala ukumbi. Una vilabu, una mabanda ya video, una vibanda vya gemu na mashine za dubwi zinazomeza sarafu. Hapo gemu na kamari hukutana. Wachezaji wa mpira wa televisheni huwekeana dau, aliyeshindwa hutaka kurudisha alichopoteza, na mchezo ulioanza kwa furaha huendelea kwa deni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeipa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha mamlaka juu ya mashine na maduka ya kubeti, na aliye chini ya miaka 18 amekatazwa kucheza kamari. Lakini dau la mdomo baina ya wavulana wawili halina tiketi wala leseni, na mkaguzi hawezi kuliona. Kwa hiyo mnasihi wa Mwanza anayemwuliza kijana habari za mchezo bila ya kumwuliza habari za deni ameacha nusu ya jambo, na anayemhudumia mvuvi bila ya kujua mwezi uko wapi hataijua wiki ambayo mteja wake yumo katika hatari kubwa zaidi.

Serikali nyingine zimejaribu njia ya saa na amri. Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2011 ya kuwafungia watoto wa chini ya miaka 16 michezo ya mtandaoni tangu saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi, kisha ikaifuta baada ya mwongo mmoja. China, mwaka 2021, iliwaachia walio chini ya miaka 18 saa moja tu ya jioni katika Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri za namna hiyo huhitaji mchezaji anayejulikana kwa jina. Mchezaji wa Igogo hutoa sarafu, akakaa, akashika kidude cha kuchezea, hajaandikwa popote.

Unasihi wenyewe hauna siri kubwa, na yafaa uelezwe ili usiogopwe. Mnasihi huanza kwa kusikiliza bila ya kukemea, akapima kama kuna sonona, wasiwasi au ulevi mwingine, kisha humwomba kijana aandike kwa siku kadhaa ni saa ngapi alicheza, pamoja na nani, na moyo wake ulikuwa katika hali gani kabla ya kuanza. Maana ni katika daftari hiyo ndipo kijana mwenyewe huona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba hucheza kila baada ya ugomvi wa nyumbani au kila anapofeli hesabu. Baada ya hapo hupatana juu ya mipaka, usingizi hurudishwa mahali pake, saa zilizoachwa wazi hutafutiwa kazi, na wazazi huitwa, si kuhukumiwa, bali kufundishwa namna ya kusema na mtoto wao. Mwaka 2019 jarida la JAMA Psychiatry lilichapa matokeo ya jaribio lililofanywa Ujerumani na Austria kwa wanaume 143 wenye uraibu wa intaneti na gemu: katika 72 waliopewa tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo, 50 walipata nafuu kamili, na katika 71 waliokuwa wakingoja zamu, 17 tu. Ni kweli kwamba waliopimwa walikuwa wanaume watupu wa Ulaya, na kwamba walilinganishwa na watu wasiopewa kitu. Hata hivyo, tafauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Je, Mwanza ina nini? Ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na yenye idara ya magonjwa ya akili. Ina Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure. Ina maafisa ustawi wa jamii katika Jiji na katika Manispaa ya Ilemela. Na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila ya malipo. Familia nyingi za Usukuma humwendea mganga kwanza, na si busara kuwadharau kwa hilo, kwani mganga naye husikiliza kwa makini. Bali yafaa mganga na mchungaji na shehe wajue lini wampeleke mgonjwa mbele. Upungufu mkubwa uko shuleni, ambako mwalimu wa unasihi huwa ndiye huyohuyo mwenye vipindi vingi vya kufundisha, na pengine ndiye huyohuyo anayeshika fimbo. Hapana kijana atakayemfungulia moyo mtu aliyempiga asubuhi. Halmashauri zitenge walau mwalimu mmoja katika kila shule ya sekondari ambaye kazi yake ni kusikiliza, asiyehusika na adhabu, mwenye chumba kinachofungika.

Na mzazi anayeisoma makala hii akamtambua mwanawe katika yale masharti matatu asingoje mtihani upite. Ampeleke, na kama mtoto amekataa, aende yeye mwenyewe, maana mnasihi humpokea hata mzazi aliyekuja peke yake.