Kimeng'enya na Kichocheo: Historia ya Istilahi Mbili Katika Usanisi wa Dawa

Makala haya yanakusudia kuchunguza asili ya istilahi mbili za sayansi, kimeng'enya na kichocheo, na kuona kama zaweza kukaa pamoja katika sentensi moja bila kumpotosha msomaji. Jambo hili si la watungaji wa kamusi peke yao. Mwalimu wa Lemara, Arusha, akitaka kuwaeleza wanafunzi wake jinsi dawa ya malaria inavyoweza kutengenezwa kiwandani, atazihitaji istilahi zote mbili kwa pamoja. Na asipokuwa mwangalifu atawafundisha kinyume cha mambo yalivyo.

1. Asili ya istilahi

Mwaka 1967, mwaka ule ule lilipotangazwa Azimio la Arusha, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Katika kipindi hicho hicho Kiswahili kilikabidhiwa kazi ya kufundishia katika shule za msingi, na sayansi ikadai maneno. Njia mojawapo ya kuyapata ilikuwa kuyapa maneno ya kila siku maana mpya. Kumeng'enya ni kuvunja kitu kuwa vipande vidogo vidogo. Kutokana na kitenzi hicho tuna mmeng'enyo wa chakula, na kimeng'enya, yaani kile kinachomeng'enya. Kuchochea ni kusukuma kuni jikoni ili moto uwake; nacho kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kutumika na kwisha.

Istilahi ya kwanza ilikaa katika biolojia, ya pili katika kemia, kana kwamba hazihusiani. Kumbe kila kimeng'enya ni kichocheo: ni kile kilichoundwa na kiumbe hai, na aghalabu ni protini.

Wapika pombe wanajua kazi yake, ingawa hawakuipa jina hilo. Katika nchi za migomba za Meru na Kilimanjaro, pombe ya ndizi hutiwa kimea cha ulezi. Ulezi unapooteshwa, ndani yake huongezeka vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo huliwa na chachu. Mwaka 1833 Wafaransa Payen na Persoz walitenga kitu cha namna hiyo kutoka katika kimea cha shayiri, wakakiita diastasi. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika chachu huchachusha sukari hata kama hayana chembe hai. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba kimeng'enya chaweza kutolewa ndani ya kiumbe na kufanyishwa kazi pengine.

2. Kimeng'enya kinachojenga

Katika mifano hiyo kimeng'enya huvunja, na jina lake lamfaa. Tatizo huanza pale kinapojenga. Mfano ulio karibu nasi ni artemisinini, kiini cha dawa ya malaria, ambayo watafiti wa China wakiongozwa na Tu Youyou waliitenga mwaka 1972 kutoka katika artemisia, mmea wa jamii ya pakanga. Tanzania Bara ilianza kutumia dawa mseto yenye asili hiyo mwaka 2006, badala ya SP. Katika miaka hiyo ya 2000 wakulima wa kaskazini mwa nchi, wa mkoa wa Arusha wakiwamo, waliulima mmea huo. Bei ikapanda sana, kisha ikaporomoka.

Mwaka 2006 watafiti wa Jay Keasling huko Berkeley, Marekani, walitangaza kwamba wameiwezesha hamira kuunda asidi ya artemisiniki kwa kuitilia vinasaba vya mmea huo. Kufikia mwaka 2013 hamira hiyo ilitoa gramu 25 katika lita moja. Mwaka huo kampuni ya Sanofi ilianza kuizalisha artemisinini kwa njia hiyo katika kiwanda cha Garessio, Italia. Hamira pekee haikumaliza kazi. Vimeng'enya vyake viliijenga asidi hiyo kutokana na sukari. Kichocheo cha metali kikaiongezea hidrojeni. Kisha nuru na oksijeni, kwa msaada wa rangi inayonasa nuru, vikaifikisha kwenye artemisinini. Mazao ya shambani yalipokuwa rahisi zaidi, kiwanda kiliuzwa mwaka 2016. Lakini njia yenyewe imebaki kuwa funzo.

Basi mwanafunzi akiambiwa kwamba vimeng'enya vinatengeneza dawa, naye anajua kwamba kumeng'enya ni kuvunja, atauliza: kinachovunja chajengaje?

3. Mapendekezo

Kwanza, kimeng'enya kisitupwe. Mwaka 1835 Berzelius wa Sweden alipotunga istilahi inayolingana na kichocheo, alichukua neno la Kiyunani lenye maana ya kufungua au kulegeza. Hata hivyo leo wanakemia huitumia kwa kazi za kuunganisha bila wasiwasi. Istilahi hushika maana kwa fasili yake, wala si kwa mzizi wake tu. Kinachohitajika ni fasili inayosema wazi kwamba kimeng'enya ni kichocheo cha kiumbe hai, kivunjacho au kijengacho.

Pili, kichocheo kisitumiwe kwa maana ya homoni. Homoni ibaki homoni, ama sivyo sentensi moja itakuwa na vichocheo vya aina mbili visivyofanana.

Tatu, usanisi wa hatua nyingi unaotumia vimeng'enya pamoja na vichocheo vya kikemia uitwe usanisi mseto. Msomaji analijua neno mseto tangu wali wa choroko hadi kilimo mseto, serikali ya mseto na dawa mseto yenyewe. Lakini itofautishwe mseto wa zamu, ambamo kila kichocheo hufanya kazi katika chombo chake, na mseto wa chungu kimoja. Huu wa pili ni mgumu zaidi: joto na viyeyushi vya kemia huweza kukiharibu kimeng'enya, na protini nayo huweza kuizuia metali kufanya kazi.

Kwa istilahi hizo mwalimu wetu aweza kusema: artemisinini ya Garessio ilitokana na usanisi mseto wa zamu, vimeng'enya vilijenga, kichocheo cha metali kikaongeza hidrojeni, nuru na oksijeni vikakamilisha.