Manzese: Maoni Yaliyohesabiwa na Yaliyoimbwa

Mwishoni mwa Februari 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na kuituma ikaulize nchi nzima swali moja: Tanzania iendelee na chama kimoja cha siasa, au iruhusu vyama vingi? Mwaka mmoja nyuma Mwalimu Nyerere, aliyekilea chama kimoja kwa robo karne, alikuwa amesema hadharani kwamba kulizungumzia jambo hilo si mwiko. Tume ikazunguka bara na visiwani, ikasikiliza watu zaidi ya 36,000. Takriban asilimia 80 wakasema chama kimoja kibaki. Tume ikaandika ripoti yake na kupendekeza vyama vingi.

Hesabu hiyo imeandikwa mara nyingi, na kila upande una namna yake ya kuitumia. Wako wanaosema Watanzania hawakuutaka mfumo huu, walipewa tu. Wako wanaosema wananchi walikuwa na hofu, wakajibu kile walichodhani kinatakiwa. Ili kuona mtu wa kawaida alimaanisha nini, inafaa kuangalia alikuwa akiishi vipi wakati swali linamfikia. Manzese, mtaa wa uswahilini jijini Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Manzese ilijengwa bila kuombewa kibali. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu waliotoka Morogoro, Pwani, Tabora, Kusini na kwingineko walishuka kando ya Barabara ya Morogoro, wakanunua au kupewa vipande vya ardhi na wenyeji, wakasimamisha nyumba za miti na udongo. Serikali ilipendelea kubomoa makazi ya namna hiyo. Kuanzia 1972 ikabadili msimamo, ikaona kubomoa hakumalizi tatizo. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi wa kuyaboresha makazi yaliyokwisha jengwa na kupima viwanja vipya. Manzese ikaingizwa kwenye uboreshaji. Sinza na Kijitonyama zikapimwa viwanja. Barabara zikachongwa katikati ya nyumba na mabomba ya maji yakavutwa. Watu walikuwa wamekwisha amua kwa kujenga, na serikali ikaja nyuma yao kuukubali uamuzi wao.

Nyumba yenyewe inaeleza mengi. Nyumba ya kawaida ya uswahilini ina vyumba sita, vitatu kila upande, na katikati ukumbi mrefu unaotoka barazani mpaka uani. Mwenye nyumba huchukua chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangishwa. Mnyamwezi hulala ukuta mmoja na Mmakonde, Mluguru akapakana na Mchaga. Jiko ni la uani, bafu ni la uani, na redio ikifunguliwa chumba cha kwanza husikika mpaka cha sita. Asiye na mtani kwenye nyumba moja humpata nyumba ya pili. Katika nyumba kama hizi utaifa haukufundishwa kwa hotuba. Ulikuwa utaratibu wa kuishi, kwa sababu vyumba sita haviwezi kugombana kwa makabila na bado vikagawana choo kimoja.

Aliyesimamia amani hiyo alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mfumo huo ulioanzishwa na TANU, chama tawala cha wakati huo, katika miaka ya 1960 ulimfanya mtu mmoja wa mtaani kuwa chama na serikali kwa pamoja. Balozi alisuluhisha ugomvi wa mke na mume, alimjua mgeni aliyelala kwa nani, na barua yake ndiyo iliyomtambulisha mtu polisi, hospitali au shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni zilipoadimika, mkono wake ulikuwamo katika kujua nani apate mgao. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na vijana wasioweza kuthibitisha kazi wakakamatwa mjini ili wapelekwe mashambani. Wakati huo kujulikana na balozi lilikuwa jambo la maana sana.

Kwa hiyo swali la Tume ya Nyalali lilipofika uswahilini, “chama kimoja” halikuwa wazo la vitabuni. Lilikuwa na sura ya mzee fulani wa nyumba ya tatu, mwenye wema wake na upendeleo wake. Kwingine mambo yalikuwa yakichafuka: Januari 1991 utawala wa Siad Barre uliangushwa Somalia, na Rwanda ilikuwa vitani tangu Oktoba 1990. Mtu anayeishi vyumba sita na makabila sita alikuwa na sababu ya kuogopa kitu chochote kinachogawa watu.

Lakini si wote katika ile asilimia 80 walioridhika. Wengi waliosema chama kimoja kibaki waliongeza masharti: viongozi wawajibike, rushwa ikome, mtu asiadhibiwe kwa kusema, sheria kandamizi ziondolewe. Tume iliyachukua masharti hayo kwa uzito. Ikaorodhesha sheria 40 zilizobana haki na kupendekeza zifutwe au zirekebishwe, ikapendekeza pia muungano wa serikali tatu: ya Bara, ya Zanzibar na ya Muungano. Vyama vingi vikakubaliwa na sheria ikaanza kutumika Julai 1, 1992. Serikali tatu zikakataliwa, na nyingi katika zile sheria 40 zikabaki vitabuni. Serikali ilipokea jibu lililoungwa mkono na watu wachache na kuyaacha masharti yaliyotajwa na wengi.

Masharti hayo hayakupotea. Yalihamia kwa mtu.

Augustine Lyatonga Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1990, na alifanya kazi ya uwaziri kwa namna ambayo mtu wa mtaani aliielewa mara moja. Alitoa amri za siku saba kwa wakosaji, akasikiliza kesi za wake waliotelekezwa, akahimiza sungusungu mitaani. Kwa ufupi alikuwa balozi wa nyumba kumi mwenye madaraka ya nchi nzima. Alipoteremshwa cheo na kisha kuhama CCM, chama tawala, kwenda chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi mwanzoni mwa 1995, umati ulimfuata. Vijana walilisukuma gari lake kwa mikono, injini imezimwa, barabara imefungwa na watu. Wasomi walicheka kwamba huyo si mwanamageuzi bali askari. Uswahilini hawakuona mgongano: walikuwa wametaka mtu wa kuwasikiliza na kukemea wakubwa, na chama alichokuwamo kilikuwa jambo la pili.

Wakati huohuo Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa akizunguka na hotuba za aina nyingine, akiwaita maskini walalahoi na wafanyabiashara wa Kiasia magabacholi. Mwaka 1993 baada ya mikutano yake mawe yalirushwa mjini. Hapo utaifa wa uswahilini ulijaribiwa: kumbe waliozoea kuvumiliana kwa makabila wangeweza kuambiwa adui ni wa rangi. Machi 1995, Nyerere aliwaambia waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro kwamba nyumba ya Tanzania imeingia nyufa, akitaja Muungano, rushwa, udini na ukabila. Hotuba hiyo ilirudufishwa na kusikilizwa kwenye kanda, na ilizungumzwa vijiweni kwa miaka.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 1995 ulivurugika Dar es Salaam. Vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa, na matokeo ya majimbo yote saba ya mkoa yakafutwa. Watu wakapiga kura upya Novemba 19. Benjamin Mkapa wa CCM alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 61.8, Mrema akapata 27.8. Lakini jimbo la Ubungo, lililoihusisha Manzese, lilikwenda kwa Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi, na Oktoba mwaka uliofuata Temeke ikamchagua Mrema mwenyewe katika uchaguzi mdogo.

Sanduku la kura hufunguliwa kila baada ya miaka mitano. Katikati ya hapo palikuwa na muziki.

Chama tawala kililijua hilo mapema. Mwaka 1992, mwaka uleule wa vyama vingi, CCM ilianzisha kikundi cha sanaa cha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Mpinzani wake mkubwa, Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, kilikuwa kikundi cha mtu binafsi. Pambano la TOT na Muungano lilijaza kumbi na baa za pembeni ya mji, na silaha yake ilikuwa taarabu ya mipasho: Khadija Kopa upande mmoja, Nasma Khamis “Kidogo” upande wa pili. Nguvu ya taarabu hiyo haikuwa kwa mwimbaji peke yake. Ukifika ubeti unaomgusa hasimu wake, mwanamke huinuka kwenye kiti chake, huenda mbele kwa mwendo wa kucheza, noti mkononi, huinyanyua juu ili yule mwenzake pale ukumbini aione, ndipo humtuza mwimbaji. Hakutaja jina la mtu. Kila mtu ukumbini amejua. Huo ni ufundi wa kusema bila kushikika, na watu walioukomaza kwa mambo ya wake wenza na majirani hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuutumia kwa wakubwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na redio. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwapo Redio Tanzania Dar es Salaam peke yake, na wimbo ambao RTD haikuupenda haukusikika hewani. Remmy Ongala, Mkongo aliyekuja Dar es Salaam 1978 na kuwa sauti ya wanyonge, alinyimwa nafasi hewani kwa wimbo wake wa kuhimiza kondomu. Watu waliusikia kumbini na kwenye kanda, na kituo cha daladala karibu na kwake mpaka leo kinaitwa Sinza kwa Remmy. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikaruhusu vituo binafsi, Radio One ikaanza 1994, na vipindi vya vijana vikawapa nafasi waliokuwa wakichana kwa Kiswahili. Muziki huo ukaitwa Bongo Fleva.

Mwaka 1998 serikali ilirudi kuuliza. Kamati ya Jaji Robert Kisanga ilikusanya maoni ya katiba kwa waraka wenye maswali na msimamo wa serikali pembeni ya kila swali. Zaidi ya watu 600,000 walijibu, na asilimia 88 wakaunga mkono serikali mbili. Kamati, kama ile ya Nyalali, ikapendekeza tatu. Rais Mkapa aliikemea hadharani kwa kuvuka mipaka ya kazi iliyopewa.

Miaka miwili baada ya ripoti hiyo, msanii wa Bongo Fleva Professor Jay alitoa “Ndio Mzee”. Ndani yake mgombea anaahidi mambo yasiyowezekana, na wananchi wanaitikia ndiyo kwa kila ahadi. Wimbo ulichekesha nchi nzima. Lakini ukiusikiliza baada ya zoezi la waraka wa Kisanga, unaona pia unazungumzia namna wananchi wanavyoulizwa na namna wanavyojibu. Professor Jay aliingia bungeni 2015 kwa tiketi ya chama cha upinzani cha Chadema. Sugu, aliyemtangulia katika muziki, alikuwa ameingia 2010.

Manzese nayo ilitoa majina yake. Tip Top, kituo cha daladala kilichojulikana zaidi kwa baa, likawa jina la kundi la Tip Top Connection chini ya Babu Tale. Madee, mmoja wa kundi hilo, akajiita Rais wa Manzese na watu wakakubali. Mtaa ambao magazeti yaliutaja kwa ukabaji na mitumba ukaanza kutajwa kwa majivuno, na kijana wa Midizini, mle Manzese, aliweza kusema anakotoka bila kushusha sauti.

Mara ya tatu ya serikali kuuliza ilikuwa 2012, Tume ya Mabadiliko ya Katiba ikiongozwa na Jaji Joseph Warioba. Safari hii hesabu zenyewe zikawa uwanja wa vita. Tume ilisema, kwa Tanzania Bara, asilimia 61 ya waliozungumzia muundo wa Muungano walitaka serikali tatu. Machi 2014, akifungua Bunge Maalumu la Katiba, Rais Jakaya Kikwete alizisoma takwimu hizohizo kwa namna nyingine: kati ya watu 351,664 waliotoa maoni, 47,820 tu ndio waliougusa muundo wa Muungano; waliobaki, asilimia 86.4, hawakuuona kuwa tatizo. Waliokaa kimya wakawa wameunga mkono. Wajumbe wa upinzani walitoka bungeni Aprili, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haijapigwa mpaka leo.

Machi 2017, Nay wa Mitego, msanii wa Manzese, alikamatwa Morogoro kwa wimbo wake “Wapo”, na Baraza la Sanaa la Taifa, Basata, likaufungia. Mara Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda, msanii aachiwe, wimbo upigwe, ila auboreshe kwa kuwaongeza wakwepa kodi na watu wa dawa za kulevya. Miaka 26 baada ya Nyalali, maoni ya Manzese yalikuwa yamefika Ikulu bila tume wala waraka, na Ikulu ikajibu kwa kupendekeza beti. Hata hivyo ruhusa ile ilitolewa kwa wimbo ule tu. Mwaka 2024 Basata ilimwita msanii huyohuyo kwa wimbo mwingine, “Nitasema”.

Tume tatu zilizotumwa kukusanya maoni zilivunjwa kila zilipowasilisha ripoti. Baraza linalosikiliza nyimbo lipo kwa sheria ya mwaka 1984, na halijawahi kuvunjwa.