Shule Huru na Kiu ya Kiingereza: Kutoka Bunamwaya hadi Onduparaka

Watu wa nje ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanaijua Onduparaka kwa timu ya mpira iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016. Anayepita pale asubuhi ya siku ya masomo huona jambo jingine: watoto walioamka boma moja wanaachana barabarani kwa rangi za sare. Hawa wanaelekea shule ya serikali. Hawa wanaelekea shule ndogo ya kutwa ya mtu binafsi, ambako karo hulipwa kidogokidogo kadiri fedha zinavyopatikana.

Sisi wasomi tuna mazoea ya kumlaumu mzazi wa kundi la pili. Mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007 unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, Kilugbara huku Arua na Kikakwa kule Koboko, na mwalimu aanzie kwenye mambo ambayo mtoto ameyaona kwao. Shule nyingi za binafsi huukwepa na kuanza na Kiingereza tangu chekechea. Kwa hiyo, kwenye karatasi angalau, shule ya serikali ndiyo yenye falsafa ya kimaendeleo, na shule huru, yaani ya binafsi, ndiyo inayokaririsha. Lawama hiyo, naona, inatokana na kusahau shule huru za Afrika Mashariki zilizaliwa vipi, na zilikuwa zikikataa nini.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ya Marekani ilizunguka Afrika Mashariki. Mjumbe wake mmoja alikuwa Mwafrika, James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilipendekeza elimu inayolingana na mazingira: kilimo, kazi za mikono, afya ya kijiji, lugha za wenyeji katika madarasa ya chini. Ukiyasoma mapendekezo hayo bila kujua nani alikuwa akitawala nani, utasema ni maneno ya mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, John Dewey, yaliyovuka bahari: mtoto ajifunze kwa kutenda, shule isijitenge na maisha. Wazazi waliyasoma wakijua nani anatawala. Jembe walikuwa nalo nyumbani. Walichokosa ni lugha ya hakimu, ya karani na ya mkuu wa wilaya.

Hapo ndipo Ernest Kalibala anapotuvutia. Huyu Mganda aliyepita Tuskegee na Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani alirudi nyumbani, na mwaka 1935 akaanzisha shule huko Bunamwaya, karibu na Kampala, nje ya mamlaka ya misheni, wakati ambapo karibu shule zote za maana zilikuwa mikononi mwa misheni. Akaipa jina la Aggrey Memorial. Jina la mjumbe wa tume likawekwa juu ya mlango wa shule ambayo haikutaka kuongozwa na waliokuwa wakizishika shule nchini. Aggrey wa watu hakuwa yule wa ripoti. Alikuwa Mwafrika aliyesoma akafika mbali, na hilo lilitosha.

Kwa Wakikuyu wa Kenya mambo yalikuwa makali zaidi. Ugomvi wa mwaka 1929 kati ya misheni na waumini juu ya tohara ya wasichana uliwafukuza watoto wengi madarasani, na wazazi wakajijengea shule zao kwa michango. Mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange, naye aliyesoma Columbia, akafungua chuo cha ualimu Githunguri ili shule hizo zipate walimu. Ni ajabu kwamba watu wawili waliopita katika chuo alichofundisha Dewey walirudi kuongoza shule ambazo wazazi wake walidai Kiingereza mapema na masomo ya vitabu. Sidhani walimsaliti Dewey. Waliona tu kwamba kujifunza kwa kutenda kuna ladha moja kwa anayechagua, na nyingine kwa anayepangiwa. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo, na Githunguri ikageuzwa mahali pa kunyongea watu.

Kwa nini West Nile haikuzaa Bunamwaya yake? Sababu wanazopenda kuzitaja watu wa kusini, kwamba huku watu walichelewa kuamka, hazina uzito. Shule huru ya kutwa inataka vitu viwili: mzazi aliye nyumbani, na fedha mkononi mwake. Buganda ilikuwa na pamba na kahawa katika mashamba ya kaya. West Nile, iliyoingizwa Uganda mwaka 1914 tu, ilifanywa ghala la vibarua. Wanaume walishuka kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, au waliandikwa jeshini. Tumbaku iliyoingia baadaye ilileta fedha kidogo, na sehemu yake iliishia kwenye karo za shule za misheni. Kisha ikaja vita. Baada ya Rais Idi Amin kuanguka mwaka 1979, maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, jirani kabisa na hapa tunapopazungumzia.

Ndiyo maana shule huru ya Onduparaka ni ya juzi tu. Iko huru kuajiri, kupanga karo, kuchagua lugha. Mtihani haiuchagui. Wa kumaliza darasa la saba una masomo manne, Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, na hakuna hata moja linaloulizwa kwa Kilugbara. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umeipa kazi ya darasani na miradi asilimia 20 ya alama za mwisho. Darasa la saba bado ni karatasi na kalamu tu.

Mzazi hupiga hesabu yake. Darasa la nne ndilo la kuvuka kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiingereza. Mtihani uko darasa la saba. Mwanawe wa shule ya serikali atakuwa na miaka minne ya kuizoea lugha ya mtihani. Yule wa jirani, aliyeanza chekechea, atakuwa nayo kumi.