Mpangaji wa kuaminika anatoka wapi?

Mwaka jana mjomba wangu wa Masisi alinipigia simu: "Weye njo ulisoma. Unitafutie watu ya kuaminika, nibapangishe shamba." Wapangaji wa mbele walivuna maharagwe usiku, wakaenda bila kulipa.

Swali lake si la leo. Wabelgiji nao walitafuta watu wa kulima. Kuanzia 1937 walileta familia kutoka Rwanda kuja kukaa Masisi, sababu mashamba ya wazungu huku Kivu yalihitaji mikono. Gishari, ardhi ya Wahunde, ikafanywa chefferie ya pekee ya wahamiaji, 1957 ikafutwa. Wenyeji walibaki na uchungu wa ardhi iliyotolewa. Waliofika walibaki wakijiuliza haki yao imesimama juu ya nini.

Halafu sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais kuhusu ardhi za wanaolima kwa desturi. Amri hiyo haikutoka. Wenye kujua njia za ofisi wakapata vyeti vya vilima vizima, wakafuga ng'ombe. Aliyekuwa akimtolea mwami haki yake akajikuta mpangaji kwenye shamba la babu yake, anafanya salongo kwa tajiri ili apate kipande cha kulima.

Machi 1993, watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, Walikale, na vita ikaenea mpaka Masisi. Ardhi haikuwa sababu pekee, uraia na siasa vilikuwemo. Lakini ilikuwemo.

Basi nilimtafuta mmoja wa wale waliotoroka. Akaniambia: "Mujomba wako alipandisha bei maharagwe ikiwa imeshatoa maua. Tungefanya nini?" Mjomba hakukataa.

Tukaandika karatasi mbili, moja kwa kila upande: mipaka, bei, msimu, na kwamba hakuna kufukuzwa wala kuongeza bei kabla ya mavuno. Mjomba alinung'unika, "Karatasi ya nini? Miye njo mwenye shamba." Akatia sahihi. Msimu huu alilipwa mchana, mbele ya majirani.

Na kwenu, bado mnapangisha kwa mdomo tu? Kabla ya kuuliza kama mpangaji ni mwaminifu, tuulize ameshika nini mkononi.