Samansi na Mtu Asiye na Wakili katika Tanganyika

Neno samansi limetoka katika Kiingereza, lakini jambo lenyewe, yaani kumwita mtu mbele ya mwamuzi, ni la kale kuliko neno hilo. Zamani za Wadachi mashauri ya wenyeji yalisikilizwa na maliwali, maakida na wakuu wa wilaya, na neno shauri likaenea hata likaingia katika Kijerumani cha serikali.

Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929, iliyotungwa zama za Waingereza, iliwazuia mawakili kusema humo. Kila mwenye dai alijisemea mwenyewe. Sheria ya mahakimu ya mwaka 1963 iliunda Mahakama za Mwanzo, ikalidumisha katazo hilo, na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama hizo.

Kwa kanuni zilizofuata mwaka 1964, asiyejua kuandika aliweza kutoa dai kwa mdomo, nalo likaandikwa mahakamani, kisha akatia sahihi au dole gumba. Kazi ya mdai ilikuwa kueleza dai na kiasi chake, na kumtambulisha mdaiwa barabara: jina, jina la baba, kijiji na kazi, maana katika kijiji kimoja huenda wakapatikana akina Juma bin Ali watatu. Samansi yenyewe haikuwa barua ya mdai. Ilikuwa amri ya mahakama, yenye kutaja siku na mahali.

Uzito wa jambo ulikuwa katika kufikisha. Tarishi aliipeleka hati, mpokeaji akatia sahihi katika nakala, na nakala ikarudi mahakamani kuwa ushahidi. Hati isipofika, hukumu ya upande mmoja huweza kumwangukia mtu asiyejua kwamba ameitwa. Ndiyo sababu sheria humpa nafasi ya kuomba hukumu hiyo itanguliwe.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mdaiwa si mshtakiwa: wa kwanza anadaiwa haki, wa pili anatuhumiwa kosa. Lakini apokeaye karatasi ya mahakama mara nyingi husema, "Nimeshtakiwa," akaogopa kifungo, akajificha. Na kwa kujificha akapoteza nafasi ya kujitetea.

Katika mahakama za juu kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, hata sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya utoaji haki. Kwa asiye na wakili badiliko hilo si dogo, kwani wito usiofahamika ni nusu ya wito.