Rimu, Msasa na Dola: Historia Fupi ya Gereji Bubu, Kutokea Madibira

Historia ya usafiri nchini mwetu imeandikwa kwa kutazama mambo makubwa: Reli ya Kati, TAZARA, bomba la mafuta, Barabara Kuu ya TANZAM. Nani ameitazama rimu? Namaanisha kile chuma cha duara kinachobeba tairi, kinachogongwa na kila jiwe na kuzama katika kila dimbwi kabla ya sehemu nyingine yoyote ya gari. Madibira, wilayani Mbarali, msimu wa kuvuna mpunga ukishapita, utaziona rimu zimelazwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, kijana mmoja akizisugua kwa msasa na maji, mwingine akikoroga rangi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Fedha ya mpunga ikiingia, gari nalo hupata haki yake. Mpita njia atadhani ule ni urembo tu. Mimi nasema uani pale inasomeka historia ya maamuzi ya dola: nani aingize gari nchini, la umri gani, kwa fedha ipi, na nani aruhusiwe kulitengeneza.

Tuanze na ardhi yenyewe. Madibira ipo ukingoni mwa bonde la Usangu, ambako Mto Ndembera unafika ukitokea nyanda za juu za Iringa. Katika miaka ya 1990 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilijenga hapo skimu ya umwagiliaji ya hekta 3,000 hivi kwa ajili ya wakulima wadogo. Mpunga ukaleta biashara, biashara ikaleta magari. Lakini barabara inayotoka Rujewa kupitia Madibira hadi Mafinga, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 150, ilibaki ya udongo na changarawe kwa miaka mingi. Masika tope la mbuga hujaa ndani ya rimu na kukauka humo. Kiangazi kokoto huidonoa rangi mpaka ibanduke. Rangi ikibanduka maji huingia, kutu huanza, na kutu ikifika kwenye mdomo wa rimu, pale tairi linapokaa, upepo huvuja polepole. Dereva wa mchomoko hujaza upepo alfajiri, na jioni hulikuta tairi limelala. Hapo kusugua na kupaka rangi kunaacha kuwa urembo, kunakuwa namna ya kulifikisha gari Mafinga.

Uhusiano huu wa rangi na maji ni wa kale kuliko gari lenyewe. Magurudumu ya mikokoteni na ya magari ya mwanzo yalikuwa na njiti za mbao, na rangi ilipakwa ili mbao zisinywe maji wakati wa mvua wala kusinyaa wakati wa jua. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya nchi hii gurudumu lilichelewa sana. Mbung'o waliwaua ng'ombe wa kuvuta mikokoteni, na katika Vita Kuu ya Kwanza mizigo ya majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi Waafrika, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Ni vema tulikumbuke hilo kila tunaposimulia maendeleo ya usafiri: kabla dola haijanunua magurudumu, ilitumia watu.

Huko ughaibuni, wakati huohuo, rangi ya gari ilikuwa inabadilika kwa namna ambayo ingekuja kuwanufaisha mafundi wa uani. Rangi za zamani zilichukua siku nyingi, pengine wiki, kukauka tabaka baada ya tabaka. Mwaka 1924 General Motors ilitoa magari ya Oakland yaliyopakwa Duco, rangi ya kampuni ya DuPont iliyotengenezwa kwa nitroselulozi, ambayo hukauka haraka sana na huweza kupulizwa kwa hewa. Fundi wa leo anayeomba dukani "rangi ya NC" anaomba mjukuu wa Duco. Rangi hiyo haihitaji tanuri wala chumba maalumu. Inahitaji thina, kompresa ndogo na siku isiyo na upepo. Bila kemia ile, gereji ya chini ya mwembe isingewezekana.

Gari lililoiingiza dola vijijini lilikuwa Land Rover, lililoanza kuuzwa mwaka 1948. Yale ya kwanza yalipakwa rangi ya kijani iliyobaki katika maghala ya ndege za kivita baada ya vita. Naipenda habari hii, kwa sababu inaonyesha kwamba Uingereza nayo, katika dhiki yake, ilipaka ilichokuwa nacho. Rangi ile ile ikifika wilayani ikawa alama ya utawala: bwana shauri na bwana shamba walitambulika kwa gari kabla hawajateremka. Mpaka leo msomaji mtumishi wa umma hahitaji kuambiwa tofauti kati ya namba za STK, SU na DFP. Cheo cha gari kinasomeka kwenye kibao chake, na gari la mradi wa wafadhili halichanganyiki na gari la shamba.

Kisha likaja tukio lililozigeuza Nyanda za Juu Kusini kuwa shule ya ufundi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao haramu, na Zambia ikajikuta imekatiwa njia ya kusini ya mafuta na shaba. Malori yakamiminika kati ya Dar es Salaam na Copperbelt kupitia Iringa na Mbeya, katika barabara mbovu kiasi kwamba madereva Wazungu waliipa jina la jehanamu. Shirika la pamoja la Zambia na Tanzania liliingiza Fiat kubwa, bomba la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, lami ikafuata. Malori yalipinduka na kuchakaa kwa wingi, na kila lililokufa liliacha chuma. Rimu za malori yale zilikuwa za vipande, zenye ringi ya kufungia, na ringi iliyoliwa na kutu inaweza kuruka kwa nguvu ya bomu wakati wa kujaza upepo. Kwa fundi wa aina hiyo ya gurudumu, kusugua kutu lilikuwa suala la kufa na kupona. Aliyejifunza pale hakujifunza urembo kwanza.

Lakini mwalimu mkubwa kuliko wote alikuwa uhaba. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Katikati yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita dhidi ya Idi Amin vikamaliza fedha za kigeni zilizokuwa zimesalia. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri. Kuagiza gari au kipuri kulitegemea kibali na mgawo, na mgawo ulitegemea unamjua nani. Rimu ilipopinda iligongwa kwa nyundo, ilipotoboka ilichomelewa, ilipokwisha kuchomelewa ilipakwa rangi ya mafuta ya nyumba kwa brashi, rangi yoyote iliyopatikana, hata ya bluu ya milango ya shule. Wazee wa gereji husimulia hayo huku wanacheka.

Kuna upande usiochekesha. Mwaka 1983 serikali iliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na sheria maalumu ikapitishwa kwa ajili hiyo. Sitaki kukana kwamba walanguzi walikuwepo. Hata hivyo, katika mazingira ambamo kuweka bidhaa adimu nyumbani ni dalili ya hujuma, mtu mwenye rimu tano na makopo mawili ya rangi uani alikuwa na sababu ya kuingiwa na hofu. Naamini hapo ndipo tabia ya ukimya ilipojengeka: fundi asiyeweka kibao, asiyetoa risiti, anayefanya kazi nyuma ya nyumba wala si mbele. Baadaye tukampa jina la gereji bubu, kana kwamba alizaliwa hana ulimi.

Mlango ulianza kufunguliwa kwa bajeti ya mwaka 1984, iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi. Kufikia miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanashuka bandarini kwa wingi, na pamoja nayo ikaja rimu ya aina mpya: ya aloi ya alumini. Mafundi waliolelewa na chuma ilibidi wajifunze upya. Alumini haifanyi kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe unaotambaa chini ya vanishi kama mchwa chini ya mkeka. Haipendi nyundo, maana hupasuka mahali ambapo chuma kingepinda. Wala rangi ya kawaida haiishiki vizuri mpaka itanguliwe na praima inayofaa alumini.

Nimekaa muda wa kutosha katika ua mmoja wa Madibira kuweza kusema jinsi kazi njema inavyofanywa. Gurudumu huvuliwa, huoshwa kwa sabuni mpaka mafuta na vumbi la breki viishe, kwa sababu rangi haikai juu ya grisi. Brashi ya waya huondoa kilicholegea. Hufuata msasa mkali wa namba 80 au 120 kwenye sehemu zilizoliwa, kisha 240, kisha 400 kwa maji, mpaka kidole kikipita kisihisi ukingo kati ya rangi ya zamani na chuma kitupu. Mikwaruzo hujazwa puti, ikasuguliwa tena. Kama tairi halikutolewa, karata za kuchezea huchomekwa pande zote kati ya mpira na rimu, zikasimama kama petali za ua, ili rangi isipake tairi. Nilipenda sana matumizi hayo ya karata. Kisha praima, kisha silva katika matabaka membamba, kila moja likiachwa likauke, na mwisho klia. Anayeharakisha kwa kupuliza tabaka moja nene ataona machozi yanateremka.

Fundi huyo, ambaye hajawahi kukaa darasani kusomea magari, alifunika kwa utepe sehemu mbili: uso wa nyuma unaokutana na kitovu cha gurudumu, na vikombe vya nati. Aliponieleza sababu, alieleza sawasawa. Rangi ikiwa katikati ya vyuma viwili vilivyokazwa, husagika gari likitembea. Ikisagika, nafasi hubaki. Nafasi ikibaki, nati hulegea. Humwagiza mteja akaze tena nati baada ya safari ya kwanza. Nimewahi kuliona gari, kwingine kabisa, lililopakwa rangi inayong'aa mpaka ndani ya vikombe vya nati.

Kwa hiyo siandiki ili kuisifia gereji bubu bila masharti. Rangi inaweza kuficha ufa, na wapo wauzaji wa rimu zilizotumika ambao huificha makusudi. Rangi zile mpya za kuchanganywa na kigumishi, ambazo mafundi huziita 2K, hutoa kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huweza kumpa mtu pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Watoto hucheza palepale uani. Haya ni mambo ambayo dola ina kila haki, na wajibu, wa kuyaingilia.

Swali ni inaingiliaje. Mara kwa mara tunasikia agizo la kufunga gereji bubu mijini, kwa hoja ya mpangilio, moto, au magari ya wizi. Kwa magari ya Serikali upo wakala, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005, na karakana zinazoidhinishwa. Magari ya raia je? Sera ya kodi inamtoza mwagizaji ushuru wa uchakavu gari likizidi umri wa miaka 8 au 10, kadiri bajeti zilivyobadilika. Maana yake Hazina inajua vema kwamba nchi inatembelea magari yaliyozeeka, na inakusanya fedha kwa kuzeeka kwake. Mtu anayeyaweka barabarani magari hayohayo anafukuzwa na mgambo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya kisha akapewa cheti. Huo nauona mwanzo mzuri. Lakini mtahini lazima afike Madibira, na ajue kuuliza habari za vikombe vya nati na isosianeti badala ya leseni peke yake.

Na kuna suala la maji, ambalo watu wa Usangu hawahitaji kufundishwa. Ndembera inaingia Ihefu, na Ihefu inalisha Ruaha Mkuu, mto ulioanza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi tangu mwaka 1993. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa bondeni kwa nguvu, wakibebeshwa lawama ya kukauka huko, na kwa muda mrefu wakulima wa mpunga nao wamenyooshewa kidole kila umeme wa Mtera ulipopungua. Madhara ya thina kwenye mifereji ni madogo mno yakilinganishwa na hayo. Hata hivyo, kwa kuwa ni madogo, yangeweza kushughulikiwa kwa gharama ndogo: pipa lenye kifuniko katika kila kijiji chenye gereji, na gari la halmashauri kulichukua likijaa. Nilimuuliza fundi anaimwaga wapi thina anayooshea bunduki yake ya kupulizia. Alinionyesha ukuta wa nyuma wa nyumba. Zaidi ya hatua chache kutoka hapo ulianza mfereji.