Sanaa kama Tunda la Imani na Upendo



Tunapozungumzia sanaa katika Kanisa, hatuna maana ya mapambo tu. Tunamaanisha kila kazi ya mikono, sauti na akili ambayo mwamini humtolea Mungu kutokana na vipaji alivyojaliwa naye: wimbo, sanamu, mchoro, vazi la Misa, hata mkeka uliosukwa kwa ajili ya kigango.

Msingi katika Maandiko Matakatifu

Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinamtaja Bezaleli wa kabila la Yuda, ambaye Mungu alimjaza roho yake ili afanye kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti kwa ajili ya Hema la Kukutania. Pamoja naye aliwekwa Oholiabu wa kabila la Dani. Sura inayofuata yasimulia habari za ndama wa dhahabu. Taifa ni lilelile, na dhahabu ni ya watu walewale. Kinachotofautiana ni nani anayetukuzwa kwa kazi hiyo.

Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha takatifu humwendea yule aliyechorwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulieleza kwamba Kanisa halikuufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake pekee (namba 123), na kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe nafasi inayostahili (namba 119). Mwaka huohuo, Padre Stephen Mbunga, mwanamuziki wa nchi yetu, alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Katika barua yake kwa wasanii, Pasaka ya 1999, Mtakatifu Yohane Paulo II aliongeza kwamba si wote walioitwa kuwa wasanii, lakini kila mmoja ameitwa kuyafanya maisha yake kuwa kazi njema ya sanaa.

Urithi wa pwani yetu

Sisi wa Tanga tumerithi lugha iliyonolewa na washairi, wengi wao ndugu zetu Waislamu. Mmojawapo ni Shaaban Robert, aliyezaliwa huku mwaka 1909. Mtunzi wa nyimbo za Misa anayeitumia lugha hiyo hana budi kujifunza pia nidhamu yake, yaani neno sahihi mahali pake. Wimbo uliotungwa kwa haraka na kwa Kiswahili kibovu huwavuruga wanaosali.

Je, maskini tuwasahau?

Swali hili ni la zamani. Kule Betania, mwanamke alipommiminia Yesu marhamu ya thamani kubwa, waliokuwapo walinung'unika kwamba ingeuzwa wakapewa maskini, Bwana alimtetea. Hata hivyo, Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwaonya Wakristo wasiipambe meza ya Kristo kwa dhahabu huku Kristo mwenyewe, katika maskini, anakufa njaa. Mafundisho haya mawili hayapingani: upendo unaomtolea Bwana kilicho bora ndio unaomwona katika ndugu mhitaji.

Basi kwaya ikinunua sare mpya huku mwenzao amelala hospitalini bila wa kumtazama, uimbaji wao umepungukiwa na jambo la msingi. Vivyo hivyo, kunakili wimbo na kufuta jina la mtunzi ni kumnyima haki yake, hata kama wimbo huo unamsifu Mungu.

Kanisa Kuu letu mjini Tanga liko chini ya usimamizi wa Mtakatifu Antoni wa Padua, anayekumbukwa kwa uzuri wa mahubiri yake na kwa mkate wa maskini. Kila mmoja wetu anaposhika kalamu, patasi au sindano, ajiulize kwanza: nani atatukuzwa kwa kazi hii, na nani atahudumiwa?